Pat Brown, Mennen Williams au Mario Cuomo: gavana yupi wa kiliberali wa Marekani asomwe kwanza?

Msomaji anayetaka kuuelewa uliberali wa Marekani kwa kufuata maisha ya mtu mmoja kwa kawaida huelekezwa kwa marais: Roosevelt, Kennedy, Johnson. Mimi humshauri ashuke ngazi moja, aende kwa magavana. Rais anaweza kuisitiri imani yake nyuma ya vita au diplomasia, lakini gavana wa jimbo hana pa kujificha, kwa kuwa mezani pake kuna bajeti ambayo bunge limegoma kuipitisha, kuna vyuo vikuu vinavyodai majengo, kuna magereza yaliyofurika, na katika majimbo mengi kuna jalada la mtu aliyehukumiwa kifo linalomsubiri atie sahihi au asitie.

Nimewaweka hapa bega kwa bega magavana watatu: Edmund "Pat" Brown wa California, aliyetawala kuanzia 1959 hadi Januari 1967, G. Mennen Williams wa Michigan, aliyetawala kuanzia 1949 hadi mwisho wa 1960. Na Mario Cuomo wa New York, aliyetawala kuanzia 1983 hadi mwisho wa 1994. Wote watatu walikuwa wa chama cha Democratic, na hakuna kati yao aliyeufikia urais. Ulinganisho huu ni wa kumsaidia mtu mwenye nafasi ya kumsoma mmoja tu kwa kina. Wapo watakaouliza kwa nini nimemwacha Nelson Rockefeller wa New York, ambaye alitumia fedha za umma kwa ukarimu kuliko Wademokrat wengi; jibu langu ni kwamba Mrepublican wa kiliberali ni kiumbe wa kisiasa aliyekwisha kutoweka, naye anadai makala yake peke yake.

Maneno mawili yawekwe sawa kwanza. La kwanza ni "uliberali" wenyewe. Sisi tuliokulia katika miaka ya marekebisho ya uchumi tumezoea kusikia habari za uliberali mamboleo, yaani kubinafsisha mashirika ya umma, kupunguza matumizi ya serikali na kuliachia soko lijiendeshe. Mliberali wa Marekani anayezungumzwa hapa ni karibu kinyume cha hayo: anaamini kwamba serikali ina wajibu wa kutoza kodi, kujenga, kusomesha, kuvilinda vyama vya wafanyakazi, na kumkataza mwenye nyumba asimnyime mtu chumba kwa sababu ya rangi yake. Neno la pili ni "gavana". Msomaji wa Kenya, ambaye tangu 2013 ana magavana 47 wa kaunti, asidhani kwamba ni cheo kilekile. Jimbo la Marekani lina katiba yake, mahakama yake ya juu na sheria zake za jinai, na huko gavana anaweza kuwa na mamlaka ya kumwokoa mfungwa asinyongwe, mamlaka ambayo nchini Kenya yamo mikononi mwa Rais.

Walikotoka

Brown alizaliwa San Francisco tarehe 21 Aprili 1905. Jina la Pat alilipata utotoni, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa akiwahimiza watu kununua hatifungani za vita na kuimaliza hotuba yake kwa maneno mashuhuri ya Patrick Henry, mwanamapinduzi wa Marekani wa karne ya 18, ya kutaka apewe uhuru au apewe kifo. Wenzake wakamwita Patrick Henry kwa mzaha, jina likafupishwa, likamganda maisha yake yote. Hakupita katika chuo kikuu cha kifahari. Alisoma sheria kwa masomo ya jioni, akahitimu 1927, akaanza siasa akiwa Mrepublican, kisha akahamia Democratic mwaka 1934, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Akawa mwendesha mashtaka wa San Francisco, halafu Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na 1958 akashinda ugavana.

Cuomo alizaliwa Queens, New York, tarehe 15 Juni 1932, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia waliokuwa na duka la vyakula. Alicheza besiboli ya kulipwa kwa muda mfupi katika timu ya daraja la chini ya klabu ya Pittsburgh Pirates, mpaka mpira ulipompiga kichwani, ndipo akairudia sheria. Jiji lilimfahamu mwaka 1972 alipopewa kazi ya kuwapatanisha wakazi wa Forest Hills na serikali ya jiji iliyotaka kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini mtaani mwao. Anayependa simulizi ya mtu aliyepanda kutoka chini atampenda Cuomo, ingawa ni haki kuongeza kwamba mwenyewe alijua simulizi hiyo ni tamu na hakuwahi kukosa jukwaa la kuisimulia.

Williams hakupanda kutoka popote. Alizaliwa Detroit tarehe 23 Februari 1911 katika familia yenye mali. Babu yake mzaa mama, Gerhard Mennen, ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Mennen iliyouza sabuni na poda, na ndiyo maana Michigan nzima ilimwita "Soapy", jina la utani linalotokana na sabuni. Alisoma Princeton, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan, akatumikia Jeshi la Majini katika Pasifiki. Alivaa tai ya kipepeo ya kijani yenye madoadoa meupe kila alikokwenda. Kitendawili chake ni hiki: mrithi wa mali ya viwanda alijengewa nguvu za kisiasa na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, chini ya Walter Reuther, akashinda uchaguzi mara sita mfululizo, kila mara kwa muhula wa miaka miwili. Mwaka 1950 alimpita mpinzani wake kwa kura 1,154 tu baada ya kura kuhesabiwa upya.

Walichojenga, na walivyolipia

Katika ujenzi Brown hana mshindani, na anayetaka kujua mkono wa jimbo unaweza kufika wapi hana haja ya kusoma zaidi ya sehemu hii ili aamue. Mvua ya California hunyesha zaidi kaskazini, wakati watu na mashamba mengi yako katikati na kusini. Magavana waliomtangulia walilizungumza jambo hilo na kuliacha, kwa sababu kaskazini iliogopa kuporwa maji na kusini iliogopa kulipia mfereji usio na hakika. Brown aliipitisha sheria yake bungeni 1959, kisha akawaomba wapiga kura waidhinishe hatifungani za dola bilioni 1.75, kiasi kikubwa ajabu kwa wakati ule. Walikubali Novemba 1960 kwa tofauti ndogo sana. Matokeo yake ni pamoja na Bwawa la Oroville, lenye kimo cha takriban mita 235, ambalo ndilo refu kuliko yote Marekani, na mfereji mkuu wenye urefu wa zaidi ya kilomita 700, ambao maji yake husukumwa kwa pampu kuvuka milima ya Tehachapi, kupanda karibu mita 600 kabla ya kuteremka kusini. Wakosoaji husema kwamba wenye mashamba makubwa ndio walionufaika kwanza, na kwamba delta ya mito Sacramento na San Joaquin, pamoja na samaki wake, imelipa gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu ya 1960. Wana hoja. Hata hivyo, bila maji hayo ni vigumu kuifikiria California tunayoifahamu leo.

Mwaka huohuo wa 1960 Brown alitia sahihi sheria ya Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu, ambao Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa na mkono mkubwa katika kuuandaa. Muundo wake ni rahisi kueleza: moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari wapate nafasi katika Chuo Kikuu cha California, theluthi ya juu katika vyuo vikuu vya jimbo, na wengine wote wapokelewe katika vyuo vya jamii, wakiwa na njia ya kuhamia juu baadaye. Kampasi za San Diego, Irvine na Santa Cruz zilianza katika miaka yake. Kanuni ya kutowatoza karo wakazi wa jimbo haikudumu, lakini mgawanyo wenyewe wa ngazi tatu bado upo.

Williams aliacha daraja. Michigan ni rasi mbili zilizotenganishwa na mlangobahari wa Mackinac, na kabla ya 1957 magari yalivushwa kwa feri, foleni zikiwa ndefu hasa msimu wa kuwinda kulungu. Daraja lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1957, likiwa na urefu wa takriban kilomita 8, na lilijengwa kwa hatifungani zilizolipwa kwa ushuru wa magari yanayolivuka. Desturi ya watu kulivuka kwa miguu mara moja kwa mwaka, gavana akiwa nao, ilianza wakati wake, na leo hufanyika Siku ya Wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba.

Lakini funzo kubwa la Michigan ni la fedha. Williams alitaka makampuni na wenye kipato kikubwa walipe kodi zaidi. Seneti ya jimbo, iliyokuwa mikononi mwa Warepublican kwa mipaka ya majimbo ya uchaguzi iliyoyapendelea maeneo ya mashambani, ilitaka kodi ya mauzo iongezwe, kodi ambayo humbana zaidi mnunuzi wa kawaida. Hakuna aliyelegeza kamba, hazina ikakauka, na mwezi Mei 1959 watumishi wa jimbo walifika siku ya mshahara wasipate mshahara. Picha ya jimbo lenye viwanda vya General Motors, Ford na Chrysler likishindwa kuwalipa watumishi wake ilienea nchi nzima, na matumaini ya Williams ya kugombea urais mwaka 1960 yakaishia hapo. Kejeli ya historia ni kwamba kodi ya mapato ya jimbo ilikuja 1967, ikiletwa na gavana Mrepublican, George Romney.

Na Cuomo? Cuomo alijenga magereza. Siandiki hivyo kwa dhihaka. Ni jambo ambalo wanaompenda hulipita haraka mno. Wapiga kura wa New York walikuwa wamekataa hatifungani za magereza mwaka 1981, kwa hiyo serikali yake ililitumia shirika la maendeleo ya miji, lililoundwa 1968 kwa ajili ya kuwajengea nyumba watu wa kipato cha chini, kukopa fedha za kujenga magereza bila kuwauliza wapiga kura tena. Mwaka 1991, bajeti ilipombana, jimbo "liliuza" gereza la Attica kwa shirika hilohilo kwa dola milioni 200, kisha likalikodi tena kutoka kwake. Sheria kali za dawa za kulevya, ambazo Rockefeller alizipitisha 1973, zilibaki, na idadi ya wafungwa ikazidi mara mbili katika miaka yake 12. Mwenyewe aliwahi kusema kwamba kampeni hufanywa kwa ushairi na utawala hufanywa kwa nathari. Attica ndiyo nathari yake.

Jalada la mtu wa kunyongwa

Sehemu hii ndiyo inayowatenga watu hawa watatu kuliko nyingine yoyote, na ndiyo ningemshauri msomaji mwenye shaka aisome mara mbili.

Michigan ilifuta adhabu ya kifo kwa mauaji tangu 1846, kwa hiyo Williams hakupata kupimwa. Cuomo aliipinga adhabu hiyo waziwazi, na kila mwaka bunge lilipopitisha mswada wa kuirudisha, aliupinga kwa kura ya turufu. Alifanya hivyo mara 12, huku akijua kwamba wananchi wengi wa New York hawakuwa pamoja naye. Ni ujasiri usio na shaka. Mrithi wake, George Pataki, aliirudisha 1995, lakini mahakama ya juu ya jimbo iliibatilisha 2004 kabla ya mtu hata mmoja kunyongwa kwa sheria hiyo.

Brown alikuwa katika hali ngumu zaidi, kwa sababu California ilikuwa na chumba cha gesi kinachofanya kazi, na jukumu lake halikuwa kuzuia sheria isipite bali kumtazama mtu mmoja mmoja. Caryl Chessman alihukumiwa 1948 kwa mfululizo wa ujambazi na mashambulio ya kingono. Hakuua mtu, adhabu ya kifo ilitokana na sheria ya utekaji nyara. Akiwa gereza la San Quentin aliandika vitabu vilivyosomwa dunia nzima, na kesi yake ikawa ya kimataifa. Katiba ya California ilimzuia gavana kumpunguzia adhabu mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa makosa makubwa zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa idhini ya majaji wengi wa mahakama ya juu, na majaji walikataa. Usiku wa tarehe 18 Februari 1960, saa chache kabla ya utekelezaji, mwanawe Jerry, aliyekuwa ametoka karibuni katika mafunzo ya upadri wa Kijesuiti, alimpigia simu akimsihi atoe ahirisho la siku 60 na kulitaka bunge liifute adhabu yenyewe. Brown alikubali. Bunge likakataa, mswada ukafia kwenye kamati, na Chessman akauawa tarehe 2 Mei 1960.

Wanaotaka adhabu hiyo walimwona Brown dhaifu kwa kuahirisha. Wanaoipinga walimwona dhaifu kwa kumwacha afe. Katika miaka yake minane watu 36 waliuawa na wengine 23 akawabadilishia adhabu. Alipozeeka aliandika kitabu kizima kuhusu maamuzi hayo, na hakujifanya kwamba yote yalikuwa sahihi. Kwangu mimi, gavana anayeyarudia majalada yake baada ya miaka ishirini na kukiri ni wapi alisitasita ana thamani kubwa kwa msomaji kuliko yule ambaye msimamo wake haukuyumba kwa sababu haukukutana na uso wa mtu.

Rangi, makazi na kazi

Williams alidai kwa miaka mingi sheria ya kuzuia ubaguzi katika ajira, bunge likimkatalia, mpaka ilipopita 1955. Brown alipata sheria kama hiyo katika mwaka wake wa kwanza, 1959, na 1963 akatia sahihi sheria ya Rumford iliyokataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa sehemu kubwa ya nyumba. Wamiliki na mawakala wa nyumba walijipanga, wakaipeleka kwenye kura ya maoni, na Novemba 1964, siku ileile California ilipompigia Lyndon Johnson kura kwa wingi, karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliifuta. Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua kura hiyo 1967. Katikati ya hayo, Agosti 1965, mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto kwa siku sita na watu 34 wakafa, na gavana alikuwa Ugiriki mapumzikoni. Kuhusu Cuomo nitasema machache: alizungumza vizuri kuhusu umoja wa watu wa rangi zote kama familia moja, lakini magereza niliyokwisha kuyataja yalijaa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na ni vigumu kuyatenganisha mawili hayo.

Nairobi, Februari 1961

Hapa Williams anawaacha wenzake mbali, angalau kwa msomaji wa Kiswahili. Tarehe 1 Desemba 1960, kabla hata hajamtaja Waziri wake wa Mambo ya Nje, Kennedy alimteua Williams kuwa Naibu Waziri anayeshughulikia masuala ya Afrika. Februari 1961 alikuwa Nairobi. Uchaguzi wa Kenya ulikuwa ukiendelea, Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini, na walowezi walikuwa na wasiwasi. Alipoulizwa na waandishi wa habari kuhusu sera ya Marekani, jibu lake likatoka katika vyombo vya habari kwa maneno machache: Afrika kwa Waafrika.

Walowezi walighadhabika, magazeti ya London yakamshambulia, na suala likafika katika Bunge la Uingereza. Kennedy alipobanwa katika mkutano na waandishi wa habari tarehe 1 Machi, hakumkana mtu wake. Alieleza kwamba Williams alimaanisha wote wanaojiona kuwa Waafrika, bila kujali rangi, kisha akaongeza kwamba hajui Afrika ingepaswa kuwa ya nani mwingine. Mwezi Agosti mwaka huohuo, katika uwanja wa ndege wa Lusaka, uliokuwa bado katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mzungu mmoja alimpiga Williams ngumi usoni.

Ni rahisi kuishia hapo na kumfanya shujaa. Msomaji makini aendelee. Mwezi Machi 1961 Marekani ilipiga kura dhidi ya Ureno katika Umoja wa Mataifa kuhusu Angola, jambo ambalo Williams alilitaka. Baadaye, kwa kuhofia kuipoteza kambi ya kijeshi iliyoko visiwa vya Azores vya Ureno, Washington ilirudi nyuma na yeye akashindwa kuizuia. Agosti 1963 Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuiuzia silaha Afrika Kusini kufikia mwisho wa mwaka, na ofisi yake ilikuwa miongoni mwa zilizosukuma uamuzi huo. Lakini Novemba 1964 ndege za Marekani ziliwashusha makomando wa Ubelgiji mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, dhidi ya waasi waliojiita kwa neno la Kiswahili, Simba, na hasira ya viongozi wengi wa Afrika ilifuta sehemu kubwa ya imani aliyoijenga kwa miguu yake mwenyewe. Wakati huo sauti yake ilikuwa imekwisha kufifia. Alikuwa amempinga Johnson asiwe mgombea mwenza wa Kennedy mwaka 1960, na sasa Johnson ndiye rais. Aliondoka wizarani 1966.

Namna walivyoanguka

Tarehe 8 Novemba 1966 wawili kati yao waliangushwa siku moja. Brown, aliyekuwa amemshinda Richard Nixon mwaka 1962, alishindwa na Ronald Reagan kwa karibu kura milioni moja. Alikuwa amemdharau Reagan kuwa ni mwigizaji tu, akachelewa kutambua kwamba Watts, maandamano ya wanafunzi wa Berkeley na kura ya nyumba vilikuwa vimewabadilisha wapiga kura wake mwenyewe. Siku hiyo hiyo Williams, aliyekuwa amerudi Michigan kugombea useneta, alishindwa na Robert Griffin. Yeye alifufuka kwa njia nyingine: baada ya ubalozi mfupi Ufilipino alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan, akaingia 1971, akawa Jaji Mkuu wake kuanzia 1983 hadi 1986, na kufa Februari 1988. Brown alifariki Februari 1996.

Cuomo alichukua muda mrefu zaidi. Hotuba yake ya 16 Julai 1984 katika mkutano mkuu wa chama mjini San Francisco, alipomjibu Reagan, aliyeifananisha nchi na mji unaong'aa kilimani, kwamba ilifanana zaidi na miji miwili, wa matajiri na wa maskini, ilimfanya kuwa tumaini la waliberali kwa miaka saba. Desemba 1991 ndege ilikuwa tayari uwanjani Albany kumpeleka New Hampshire akajiandikishe kugombea urais, na hakupanda, akitoa sababu ya bajeti ya jimbo. Mwaka 1993 alikataa pia kufikiriwa kwa nafasi ya ujaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Pataki alimwondoa 1994. Alifariki tarehe 1 Januari 2015, siku ambayo mwanawe Andrew alikuwa akiapishwa kwa muhula wa pili wa ugavana uleule. Jerry Brown naye alikuwa gavana wa California mara mbili, katika vipindi vilivyotengana kwa zaidi ya robo karne. Ukoo katika siasa, kumbe, si ugonjwa wa kwetu peke yetu.

Nani amchague nani

Anayesoma utawala wa umma, mipango, maji au elimu ya juu amchukue Brown bila kusita. Yeye pia ndiye ninayempendekeza kwa msomaji wa kawaida asiye na shabaha maalumu, kwa sababu maisha yake yanaonyesha mambo mawili kwa pamoja, yaani serikali ikifanya kazi kubwa kuliko ilivyotarajiwa, na wapiga kura wakiigeukia. Nyaraka zake ziko katika Maktaba ya Bancroft, Berkeley, na kwa anayeishi California ushahidi mwingine hauhitaji kibali: mfereji unaonekana ukifuatana na barabara kuu namba 5 kwa masafa marefu.

Anayesoma ufasaha wa hotuba, au uhusiano wa dini na sheria, amchukue Cuomo, na aanzie na hotuba ya Septemba 1984 katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambamo, akiwa Mkatoliki, alijaribu kueleza kwa nini imani yake kuhusu utoaji mimba haimlazimu kuifanya kuwa sheria kwa wote. Hotuba ya San Francisco ina sauti kubwa zaidi, lakini ile ya Notre Dame ndiyo yenye kazi ngumu ya kufikiri. Tahadhari yangu ni moja tu: kila hotuba moja isomwe pamoja na bajeti ya mwaka wake.

Williams si wa kila mtu. Hotuba zake hazikaririwi, na miaka yake ya Michigan inadai uvumilivu wa kufuata mabishano ya kodi kifungu kwa kifungu. Lakini kwa mwanafunzi wa historia aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi, ndiye mwenye kazi ambayo bado haijafanywa vya kutosha kwa lugha yetu. Nyaraka zake ziko Maktaba ya Bentley, Ann Arbor, nazo zinaonyesha upande mmoja tu wa safari ile. Upande wa pili uko katika magazeti ya Nairobi ya juma la mwisho la Februari 1961, ya Kiingereza na ya Kiswahili, ambako habari za gavana huyo wa zamani mwenye tai ya kijani zinapaswa kusomwa sambamba na habari za matokeo ya KANU na KADU.